Bahasha Iliyoanikwa Dirishani

Siku mliyoniaga, ile Ijumaa ya keki na soda, kijana mmoja wa kitengo chenu aliniuliza kwa adabu zote, "Mama Kadzo, hasa hasa, kazi yako ilikuwa nini?" Miaka thelathini na ushei nimekaa meza ya tatu kutoka mlangoni, na bado mtu anauliza! Sikukasirika. Hata marehemu mume wangu aliwaambia majirani zetu hapa Mtopanga kwamba mkewe anasoma barua benki, na kuna mama mmoja ambaye tangu hapo hakuthubutu kupeleka barua yake posta.

Basi naandika. Vyeo nitaviruka, na mishahara mnaijua nyinyi wenyewe mlivyoilalamikia. Nataka niwaachie mambo ya meza, na kuna jambo moja la bahasha ambalo kwa miaka yote hiyo nililijua mimi na mtu mwingine mmoja tu. Au ndivyo nilivyodhani.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mtu wa Changamwe anataka kumuuzia bidhaa mtu wa ng'ambo ambaye hajamwona hata kwa picha. Muuzaji anaogopa kupeleka mzigo asilipwe. Mnunuzi naye anaogopa kulipa asiletewe mzigo. Hapo benki ya mnunuzi inatoa barua ya dhamana, ile sote tuliyoiita elsii. Inaahidi kumlipa muuzaji, kwa sharti kwamba alete hati fulani, zenye maneno fulani, kabla ya tarehe fulani. Hati zikiwa sawa, analipwa. Kukiwa na kasoro, hata moja, mnunuzi ana haki ya kukataa, na mzigo wako uko baharini. Mimi nilikuwa yule aliyezisoma hati kabla hazijaondoka kwenda kwa watu wasio na huruma.

Nilianza tawi la Changamwe, upande wa viwandani, ambako ukiacha dirisha wazi meza inajaa vumbi kabla ya chai ya saa nne. Nilivaa gauni la kijani alilonishonea shangazi yangu wa Rabai, na nilikuwa nimenunua kalamu mpya ya wino mweusi, ya kifuniko cha dhahabu ya uongo. Mkuu wa meza ya ukaguzi alikuwa Bwana Twalib, mtu wa mji, mzaliwa wa kisiwani, upande wa pili wa daraja, baba na babu, mwembamba, kofia safi, miwani imefungwa uzi. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo hapa," akaniita kwa mkono. "Una kalamu?"

Nikaitoa kwa majivuno. Akaichukua, akaitazama, akaitumbukiza kwenye kopo la kakao lililokuwa juu ya kabati karibu na mlango, penye kalamu za wenzangu. "Utaipata saa kumi, ukienda zako," akasema, akanipa penseli, rula na kifutio.

Nilidhani ananidhalilisha kwa kuwa mimi mtu wa bara ya Rabai. Kumbe hiyo ilikuwa sheria ya meza yake. Mkaguzi hakai na wino. Kasoro unaiandika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, na hati ya mteja huigusi ila kuifungua na kuifunga. "Hati ni ya watu," alikuwa akisema. "Sisi twatazama tu." Katika tawi zima, meza yetu ndiyo pekee ambayo ungetaka kutia sahihi kadi ya harusi ungelazimika kwenda mlangoni.

Alinifundisha kusoma kwa rula, mstari baada ya mstari, na kila hati kuiuliza maswali matatu. Nani kakutia sahihi? Lini? Na ni nani kakuambia useme hivyo? Yeye aliuliza kwa sauti, kabisa, kama anahoji mtu. Mgeni akiingia alidhani mzee ana wazimu. Lakini cheti cha uzani kilichosema mzigo umepimwa siku mbili baada ya meli kuondoka hakikumpita. Alikiinua juu, akakiambia, "Wewe ulimpima nani, samaki?"

Mwaka wangu wa pili ndipo alipokuja Mama Dama.

Alikuwa mfanyabiashara wa Mtongwe, huko Likoni, mama wa makamo, mfupi, sauti kubwa. Alinunua pilipili kichaa, zile ndogondogo, kwa wakulima wa Kwale, akazikausha, akazifunga kwenye magunia. Siku zote alikuwa akiwauzia matajiri wa maghala, nao wakauza nje kwa jina lao. Safari hii alimpata mnunuzi wake mwenyewe ng'ambo, na elsii ikafunguliwa kwa jina lake. Ilikuwa mara ya kwanza. Wakulima walikuwa wamempa pilipili kwa neno tu, kwamba atawalipa benki ikimlipa. Aliponieleza hayo alicheka, lakini bahasha aliishika kwa mikono miwili.

Alileta hati Alhamisi mchana. Tarehe ya mwisho ya elsii ilikuwa Jumanne iliyofuata, saa tisa, benki ikifunga. Nikagonga muhuri wa kupokea, nikakaa, nikaifungua bahasha.

Lo! Nilipiga chafya sita mfululizo. Sijui hizo karatasi alizitunza wapi, nadhani juu ya magunia yenyewe, maana vumbi la pilipili lilitoka mle likaingia machoni, puani, kooni. Mwenzangu wa meza ya pili akahama. Bwana Twalib alikuwa ameitwa makao makuu kisiwani hadi Jumanne. Nikafanya nililoliona la akili. Nikaiweka bahasha wazi kwenye ukingo wa dirisha la kuelekea barazani, ndani ya kioo, ipigwe na upepo wa feni. Nikaianika, kama mtu anavyoanika kitambaa. Nikasema nitaisoma kesho ikipungua ukali.

Kesho yake ililetwa elsii ya kampuni ya mafuta, nene kama kamusi, na meneja akawa anapita kila nusu saa kuuliza imefika wapi. Ya mama wa pilipili hakuna aliyeiulizia. Jumatatu ikawa hivyo hivyo. Na Mama Dama alikuwa hapo! Ijumaa alikuja na feri ya asubuhi, akakaa kwenye benchi la barazani na kanga yake magotini. Jumatatu akaja tena. Kila nikipita nilimsalimu, naye akaitika, "Salama mwanangu, nangoja tu." Wala sikujiuliza anangoja nini.

Jumanne, saa tano kasoro, nilikwenda kufungua dirisha nikapiga chafya. Nikaichukua ile bahasha nikaisoma kwa rula.

Ankara sawa. Cheti cha kupuliziwa dawa sawa. Cheti cha uzani sawa. Hati ya shehena, ile inayotolewa na wakala wa meli kuthibitisha kwamba mzigo umepokelewa, nakala zote tatu zipo. Muhuri wa kuonyesha kwamba magunia yamepakiwa melini upo, sahihi ipo. Lakini pale penye mstari wa tarehe ya kupakiwa palikuwa peupe. Karani wa wakala alisahau. Bila tarehe hiyo benki ya ng'ambo ingezirudisha hati zote, na mnunuzi angekuwa huru kumwambia Mama Dama lolote alitakalo.

Ningeliona hilo Alhamisi, lingekuwa jambo la dakika kumi. Mama angepewa hati zake, angekwenda kwa wakala kisiwani, angerudi Ijumaa na tarehe yake. Sasa zilibaki saa nne.

Nawaambieni wazi nilichofikiri, ili mtu asidhani kwamba wazee wa kazi walizaliwa waaminifu. Juu ya hati paliandikwa siku ilipotolewa. Nilisema, si siku hiyo hiyo tu? Tarehe ni tarakimu chache. Wino wa wakala ni mweusi, na kalamu yangu ni nyeusi. Nikainuka nikaenda kwenye kabati, nikaingiza mkono kwenye kopo la kakao.

"Kadzo."

Bwana Twalib alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wake, anarudi kutoka makao makuu.

"Mkaguzi ana haja gani na wino saa hizi?"

Nilianza kulia pale pale, mkono bado umo koponi. Akanivuta stoo ya karatasi nikamwambia yote: chafya, dirisha, mafuta, tarehe, kalamu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Kwa kitabu cha kanuni za elsii huna kosa," akasema. "Kitabu kinatupa siku saba za kusoma hati. Umezisoma siku ya tatu ya kazi. Meneja akikuuliza, mwambie hivyo, naye hatakufanya lolote."

Nikapumua. Nikadhani nimepona.

"Lakini kitabu hakikukaa kwenye lile benchi," akasema. "Yule mama kakaa. Haya, wewe uliyeanika, nenda ukaanue."

Sheria haikuruhusu hati kutoka benki bila ombi la mteja. Mama Dama, aliyekuwa barazani tena, akaitwa ndani, akaandika barua ya mistari miwili kuomba hati zake kwa marekebisho, akatia sahihi kwa kalamu aliyopewa kutoka koponi. Nikamwambia kuna tarehe imesahauliwa kwa wakala na nitakwenda naye. Hilo lilikuwa kweli. Nusu nyingine sikuisema. Alinishika mkono akasema, "Mungu akubariki mwanangu, wengine wangenitupia tu," na mimi nikatazama chini.

Tulipata lifti kwenye lori la saruji la mteja wetu mmoja, likatuteremsha Makupa, mengine tukayakata kwa miguu. Kwa wakala, karani mhusika alikuwa amekwenda kula. Tulimngoja hadi saa nane. Mama Dama alikuwa anasali kwa Kigiriama, taratibu, macho wazi. Karani aliporudi, anachokonoa meno, nikamwonyesha pale peupe.

"Ah, hii si kitu," akasema, akavuta kitabu cha stakabadhi za meli, akashuka na kidole. "Mzigo huu ulipanda tarehe ishirini."

"Ishirini? Hati ni ya kumi na nane."

"Kumi na nane ulipokelewa bandarini tu. Meli ilichelewa kupata gati. Ulipanda ishirini."

Elsii ilisema mzigo upakiwe kabla ya ishirini na moja kwisha, kwa hiyo mama alikuwa amenusurika kwa siku moja. Lakini mimi, kwa ile kalamu yangu ya dhahabu ya uongo, ningeandika kumi na nane. Ningeandika uongo kwenye hati ya mtu, kwa mwandiko wangu, ukaenda ng'ambo kwa jina lake. Mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Aliandika tarehe kwenye nakala zote tatu, akatia sahihi na muhuri pembeni ya kila moja. Tukatoka saa nane u nusu. Mwenye gari mmoja alitubeba mpaka mwanzo wa daraja la Makupa, na hapo foleni ya malori ya bandarini ilikuwa imesimama kabisa, madereva wameshuka wanavuta sigara. Nikamwangalia Mama Dama, akaniangalia. Nikavua viatu vyangu vya kisigino nikavishika mkononi. Tukakimbia. Tulipita Kibarani, na harufu ya jaa la taka mnaijua, lami inaunguza nyayo, gauni limeninata mgongoni, na yule mama nyuma yangu anapiga kelele, "Usinisubiri mimi! Kimbia na karatasi!" Nilikimbia.

Nilifika saa tisa na dakika kumi na mbili. Mlango wa benki umefungwa, kufuli limening'inia. Nilikaa chini kwenye ngazi.

Kisha nikaona kwamba kwenye benchi la barazani, mahali pa Mama Dama, amekaa Bwana Twalib, na muhuri wa kupokea na kidau chake cha wino magotini.

"Leta," akasema.

"Saa imepita, bwana."

"Kitabu chasema benki hailazimiki kupokea hati baada ya saa za kazi. Mahali gani kimesema imekatazwa? Hukisoma vizuri, Kadzo. Leo bado ni Jumanne."

Akazisoma hati moja baada ya nyingine pale pale barazani, kwa rula, na maswali yake matatu kwa sauti, askari wa zamu amesimama anashangaa. Hakuharakisha hata kidogo. Mama Dama akaingia uani anahema, kanga imemteremka. Bwana Twalib akagonga muhuri, na kando yake akaandika saa halisi, tisa na dakika ishirini na tano, kwa kuwa yule mtu hakujua kudanganya hata robo saa. Mama Dama alipiga kigelegele kilichowatoa watu wa kiwanda cha jirani.

Alilipwa. Wakulima wakalipwa. Mwaka uliofuata alikuja na elsii mbili, na baadaye sikuzihesabu tena. Kila Krismasi aliniletea pakiti ya pilipili, na kila mgeni aliyekuja naye alimwambia, "Mwamjua huyu? Huyu ndiye aliyenikimbilia pekupeku daraja zima." Wageni wakanipa mkono. Nami kila mara nilitabasamu, nikageuza mazungumzo.

Bwana Twalib aliniuliza mara moja tu, siku anastaafu, akinikabidhi rula yake. "Yule mama, ulimwambia?" Nikamjibu bado. Akatikisa kichwa. Akazikwa miaka michache baadaye, na mazikoni nilisimama upande wa wanawake nikiwaza kwamba sasa siri ni yangu peke yangu, na sikupata raha niliyoitarajia.

Teleksi ikaondoka, kompyuta zikaja, nyinyi mkaja na hati zenu za kwenye kioo zisizonuka chochote. Niliwanyang'anya kalamu, mkanicheka, mkasema mama huyu anaishi zama za kopo la kakao. Sasa mnajua kwa nini.

Wiki ya tatu ya kustaafu, nilivaa nguo ya kanisani nikavuka feri kwenda Mtongwe. Nilimkuta Mama Dama kibarazani kwake, amezeeka, goti moja limegoma, anachambua pilipili kwenye ungo. Sauti ile ile. "Kadzo wangu! Wamekuachilia?" Akataka kuniletea chai nikamkatalia. Nikamwambia aketi, nina neno. Nikamweleza. Bahasha, chafya, dirisha, siku zile zote. Nikamwambia nilikimbia kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na kwamba heshima aliyonipa miaka yote hii haikuwa yangu.

Hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema.

"Wajua nini?"

"Si nilikuwa nimekaa barazani? Lile dirisha lilikuwa mbele ya macho yangu. Ijumaa niliiona bahasha yangu kiooni nikasema labda ndivyo benki wanavyofanya, wanaanika kwanza. Jumatatu nikaiona pale pale. Nikajua umeisahau."

"Mama Dama! Mbona hukubisha kioo?"

Akanicheka. "Kadzo, wakati ule? Mimi muuza pilipili wa Mtongwe nibishe kioo cha benki? Ungeniita nani? Na kama askari angenitoa?" Akapeta ungo, akapuliza makapi. "Nilikaa nikaomba Mungu akupigishe chafya."

Hapo nililia, mtu mzima mimi, juu ya pilipili za watu. Miaka yote nilidhani aliyenyamaza ni mimi. Kumbe yeye alikaa siku tatu anaitazama riziki ya kijiji kizima nyuma ya kioo, hatua nne tu kutoka alipoketi, na hakuona kwamba ana haki ya kuinua mkono abishe. Hilo halimo katika kasoro zozote nilizofundishwa kutafuta.

"Na bado ukaniletea zawadi kila mwaka," nikasema.

"Makarani wanaosahau ni wengi. Aliyevua viatu nilimwona mmoja."

Alinisindikiza mpaka njiani, polepole kwa goti lake, akanitilia mkobani bahasha kubwa ya kaki iliyojaa mpaka kufunguka. Nilipiga chafya kabla sijaishika vizuri.

"Chukua," akasema. "Na safari hii usiianike."